Mwezi Mmoja wa Kusoma: Nianze na Kipi?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Kisauni, Mombasa, na mwezi ujao nitakuwa likizoni. Nimekusudia kuutumia kusoma fasihi ya kale, historia na vitabu vya dini yetu ya Kikristo, na nimekwisha kukusanya vitabu kumi na vinne. Mwenzangu kanisani ananiambia kwamba Mkristo anayesoma habari za Warumi wa kale anapoteza wakati wake. Je, ni kweli? Na nianze na kipi?

JIBU: Dada yetu, nakupongeza kwa nia hiyo, lakini nakuomba upunguze idadi. Vitabu kumi na vinne kwa mwezi, ukiwa na watoto nyumbani, utavipitia juu juu tu. Chagua vinne vinavyosemezana.

Kuhusu neno la mwenzako, jibu bora zaidi nalijua kutoka kwa Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka wa 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo, sehemu ya tatu, anasimulia jinsi alivyosoma kitabu cha Cicero, Mrumi asiyemjua Kristo, akiwa kijana wa takriban miaka 19, na jinsi kitabu hicho kilivyomwashia hamu ya hekima na kuyageuza maombi yake yamwelekee Mungu. Hata hivyo mwenzako hakukosea kabisa, kwa maana katika sehemu ya kwanza Augustino huyo huyo anajilaumu kwamba utotoni alimlilia Dido, malkia wa hadithi za Kirumi, ilhali hakuililia nafsi yake. Msome mwenyewe upime. Sehemu tisa za mwanzo ndizo zenye maisha yake. Zinazofuata ni nzito, nawe unaweza kuziahirisha bila hatia yoyote. Usiikose ya nane, anapoisikia sauti ya mtoto ikirudia kusema "chukua, usome," akafungua waraka kwa Warumi na kukutana na maneno ya sura ya 13.

Lakini usianze na Augustino. Anza na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka wa 1934, kwa sababu ni chembamba, kimeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na kinahusu mtaa ulio jirani yako. Kinasimulia habari za watu waliotekwa bara, wakaokolewa utumwani na kuishia Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Ukipita Kengeleni utaiona kengele yenyewe iliyoupa mtaa jina. Kwa maoni yangu mwandishi anawasifu Waingereza kupita kiasi, kwa hiyo soma ukiwa na kalamu mkononi, uandike pembeni kila unapotilia shaka.

Baada ya hapo mfuate Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, ambaye kumbukumbu zake za safari na umisionari zilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Si lazima umsome mzima; nenda moja kwa moja kwenye kurasa za Mombasa na Rabai, kuanzia mwaka wa 1844, alipofika hapa na katika miezi michache tu akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Anayoyasema juu ya wenyeji wetu mara nyingine yanaudhi, nami nisingependa uyaruke, kwani hiyo nayo ni historia.

Kwa fasihi, chukua Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1963. Isome kwa sauti, na hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari uisome mara mbili, pamoja na watoto ikiwa wamefikia umri wa kusikiliza. Hapo utawaona Warumi hao ambao mwenzako anawahofia, wakizungumza Kiswahili safi. Augustino aje mwisho, usome asubuhi kabla nyumba haijaamka, na vile kumi vilivyobaki uviweke hadi likizo nyingine.