Je, mawimbi ya Kigoma yanafaa kwa ubao wa kuteleza?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora. Likizo ya Juni tunakuja Kigoma kwa siku nne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 9, na shemeji yangu wa Dar es Salaam ambaye huzamia kwa mtungi wa hewa. Binti ameona kwenye simu watu wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na jamaa aliyewahi kufika huko anasema ziwa lenu lina mawimbi kama bahari. Mchezo huo unawezekana? Tuingie majini saa ngapi? Na muda unaobaki tufanye nini?

JIBU: Karibuni mwisho wa reli, Mwalimu. Naendesha boti na kuongoza wageni katika Ziwa Tanganyika, na nimefurahi kwamba umeanza na mawimbi. Wageni wengi huanza na sokwe na Livingstone. Habari za maji huziuliza wakiwa tayari wamevua viatu.

Ubao msihangaike nao. Jamaa yenu hakuwadanganya, mawimbi yapo, na kuna siku nahodha mzoefu huifunga boti akasubiri. Ila wimbi la kuteleza ni la aina nyingine. Lile la bahari huzaliwa na dhoruba iliyo mbali sana, pengine maelfu ya kilomita, na katika safari hiyo ndefu hujipanga: moja likipita, jingine hufika baada ya sekunde kumi au zaidi, na kila moja hubeba nguvu ya kutosha kumsukuma mtu hadi ufukweni. Hapa kwetu, kutoka Kigoma hadi ng'ambo ya Kongo ni kama kilomita 50 tu. Upepo haupati nafasi ya kulikuza wimbi. Linalotoka ni fupi, limesimama wima, na lenzake liko nyuma yake kwa sekunde chache. Halimbebi mtu, linamgonga, linamnywesha maji, kisha linamgonga tena. Wala hakuna kupwa na kujaa kwa maana ya pwani, kwa hiyo usingoje maji yatoke ili upate uwanja mpana wa mchanga.

Sasa saa za kuingia majini. Mchana jua hupasha moto ardhi na vilima, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huingia kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana alasiri mawimbi hupiga ufukweni. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo hugeuka na kushuka kutoka vilimani kwenda ziwani. Juu ya mzunguko huo wa kila siku, Juni mtakuta upepo wa kusi, ambao huvuma kuanzia Mei hadi Septemba. Huo hausafiri kilomita 50. Hufuata urefu wa ziwa, na ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi. Kusi ikikolea, maji huchafuka hata mahali palipokuwa shwari asubuhi. Mimi hupanga hivi: maji asubuhi, nchi kavu alasiri. Mkiwa na siku nne, mnazo asubuhi nne, na hizo ndizo mali yenu. Msizitumie kulala.

Kumbuka pia kwamba tuko magharibi kabisa mwa nchi ilhali saa ni ileile ya Dar es Salaam. Juni jua letu huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Mtu akikwambia boti inaondoka saa kumi na mbili, ujue mtatembea gizani.

Kuna jambo moja ambalo lazima nilikazie, kwa sababu una mtoto. Asubuhi maji ya karibu na ufukwe hulala kama kioo kwa kuwa vilima vinayakinga, nao upepo unatoka nchi kavu, mgongoni mwako. Upepo huohuo husukuma kila kinachoelea kuelekea Kongo. Godoro la kujaza upepo, boya la mpira, tyubu ya gari, na huo ubao wa binti yako, vyote huondoka polepole, na kadiri unavyotoka kwenye kinga ya vilima ndivyo kasi inavyoongezeka. Niliwahi kumfuata kwa boti kijana aliyejilaza juu ya tyubu karibu na kijiji cha Katonga. Alikuwa amefumba macho akiota jua. Alipoyafumbua, ufukwe ulikuwa mstari mwembamba. Alikuwa anajua kuogelea, na bado asingerudi kwa mikono yake. Mtoto asipewe kitu cha kuelea bila kufungwa kamba iliyoshikwa na mtu mzima aliyesimama mchangani. Avae jaketi la kujiokolea lililofungwa vifungo vyote, lililo saizi yake. La mtu mzima humchomoka mtoto akirukia majini.

Aliyezoea kuogelea baharini naye ajihadhari: maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama ya bahari. Utaelea chini kidogo kuliko ulivyozoea na utachoka mapema. Kina nacho hakina adabu hapa. Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, mita 1,470 mahali palipo na kina zaidi, na penye miamba sakafu huporomoka ghafla.

Mahali pa kuogelea nawashauri upande wa Katonga, kusini-magharibi mwa mji, kwenye ufukwe wa Jakobsen. Mchanga ni safi, miti ipo ya kivuli, na pembeni kuna miamba. Mchanga wenyewe umepungua, kwa sababu kina cha ziwa kimepanda sana tangu mwaka 2020 na maji yamemeza fukwe nyingi. Hiyo miamba ndiyo itakayomsahaulisha binti yako habari za ubao. Vaeni miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, laleni kifudifudi juu ya maji, mtulie. Mtaona wale tunaowaita samaki wa mapambo: wa manjano, wa buluu, wenye mistari, kila mmoja akilinda jiwe lake. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Mwonyeshe mama anayebeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe, na ambaye makinda yake hurudi mdomoni humo hatari ikitokea. Kuna wadogo wengine wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Makombe hayo msiyaokote. Ni nyumba za watu.

Kaeni mbali na midomo ya mito, hasa upande wa delta ya Luiche na mto Malagarasi, kwa ajili ya mamba. Popote pengine waulizeni wenyeji kabla ya kuvua nguo, na jioni msiingie. Kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye nyasi na matete, hasa karibu na makazi ya watu. Vimelea hutoka kwenye konokono kwa wingi jua likiwa kali, hupenya ngozi, na kujifuta taulo hakutoshi kukuhakikishia usalama. Penye miamba na maji maangavu hatari ni ndogo, ila bado mkirejea Tabora pimeni baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake inajulikana na inatibu.

Shemeji yako asitumie kama yalivyo majedwali yake ya pwani, yale yanayomwambia mzamiaji akae muda gani katika kina gani. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hesabu za kuzamia hubadilika kuanzia mita 300. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mzamiaji anapoibuka kupunguka kwa mgandamizo kunamwathiri zaidi kuliko pwani, hata kama kina ni kilekile. Akitumia kompyuta ya mkononi, aiweke kwenye mwinuko na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kama anarudi Dar kwa ndege, siku ya mwisho isiwe ya kuzamia. Kwa kweli mimi ningemwambia aache mtungi achukue mrija. Samaki wengi wazuri wako mita tatu za juu.

Hifadhi ya Gombe, penye sokwe, iko kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, na njia ni ya maji tu. Hapo ndipo Jane Goodall alipofika Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Boti za abiria huanzia Kibirizi, ni za bei nafuu, zinajaza sana na zinakwenda taratibu. Ya kukodi ni ghali lakini mnaondoka alfajiri maji yakiwa yamelala. Binti wa miaka 9 hataruhusiwa kuwafuata sokwe, kwa hiyo wewe na mkeo gawaneni: mmoja aende na shemeji, mwingine abaki Katonga na mtoto. Mwenye mafua asiende kabisa. Magonjwa yetu ya kifua huwaambukiza sokwe na yamewahi kuwaua.

Alasiri ziko za kutosha kwa Ujiji, penye makumbusho mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na kwa stesheni ya reli iliyofikiwa na Wajerumani mwaka 1914. Mchana mmoja kaeni mle migebuka wa kukaanga au dagaa waliopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Msile haraka.

Usiku pandeni mahali pa juu mtazame taa za wavuvi wa dagaa. Ziwa huwa kama mji uliowashwa. Ila angalieni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti dagaa na wavuvi hupumzika, kwa hiyo njooni siku za mwezi mchanga. Na ulizeni kwanza kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na likizo yenu inaangukia humo humo. Likiwa limefungwa hamtaona taa, na migebuka wabichi mtawatafuta.

Miwani ya kuzamia ya saizi ya mtoto inunueni kabla ya kupanda treni, mkaijaribu kwenye beseni la maji hapo nyumbani. Ikivuja kwenye beseni, itavuja na kwenye miamba ya Katonga, na asubuhi moja itakuwa imepotea.