Kwa mliofungua CDS (akaunti ya kutunzia hisa) juzi na mna hisa za benki moja tu

Kila mwaka gawio (mgao wa faida kwa wenye hisa) la benki ya CRDB likitangazwa, hesabu ileile inazunguka: aliyenunua kwa 150 mwaka 2009 leo angekuwa tajiri. Mgeni wa soko anaisoma, anafungua Hisa Kiganjani, programu ya simu ya kununulia hisa, anatia akiba yote, na siku ya tatu anauliza kwa nini bei imeshuka. Jamani! Hesabu ya 2009 ni ya aliyenunua 2009. Tukae chini tupige hesabu zenu.

1. Gawio lipimwe kwa bei uliyonunulia wewe. CRDB ilitoa shilingi 17 kwa hisa kwa mwaka 2019, halafu 22, 36, 45, 50, na 65 kwa mwaka 2024. Jumla 235. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 5, zinabaki 223.25. Mwenye hisa 1,000 za IPO (zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, 2009), aliyetoa 150,000, ameshika 223,250 kwa miaka sita hiyo peke yake, na hisa bado ni zake. Kwake ile 65 ni asilimia 43 ya mtaji. Wewe ukinunua kwa 1,000, ni asilimia 6.5, na ikishakatwa kodi haifiki 6.2. Gawio ni moja, ila yeye yuko kwenye biashara yake na wewe yako. Mambo ni hayohayo kwa NMB: 428.85 za mwaka 2024 zinamfurahisha sana aliyeingia kwa 600 mwaka 2008, na wewe unayesoma bei ya leo kwenye ubao wa soko la hisa huna sababu ya kupiga vigelegele kabla ya kugawanya.

2. Kosa la 2015, na pacha wake wa 2019. Hapa mtanivumilia, maana ndipo kizazi kilichowatangulia kilipoungua, na ndipo ninapowaona mkielekea.

Mwaka 2015 CRDB iliuza hisa mpya kwa wanahisa wake, 1 kwa kila 5, kwa bei ya 350. Ubaoni bei ilikuwa juu ya hapo, kwa hiyo wengi waliona wamepewa punguzo. Gawio lilikuwa linapanda mwaka hadi mwaka, na watu wakalichora mstari kwa rula kwenda mbele. Hakuna aliyeuliza gawio linatoka wapi. Linatoka kwenye faida, na faida ya benki inatafunwa na vitu viwili: amana zikiwa ghali, na mikopo isiporudi. Mwaka 2016 fedha za mashirika ya umma zikahamishwa kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu (BoT). Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, nayo ikavimba, na kila mkopo chechefu unaidai benki itenge fungu kutoka kwenye faida. Faida baada ya kodi ikashuka hadi takriban bilioni 36 mwaka 2017. Gawio likafuata: 17 kwa mwaka 2015, 10 kwa 2016, 5 kwa 2017, 8 kwa 2018.

Chukua aliyenunua hisa 3,000 kwa 350, yaani 1,050,000. Bei ilirudi kwenye 350 baada ya miaka saba hivi. Magawio ya kuanzia 2015 hadi 2021 ni 17, 10, 5, 8, 17, 22 na 36, jumla 115 kwa hisa. Baada ya kodi, mkononi 327,750. Jirani yake aliyeweka milioni moja kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 20 (yaani aliikopesha serikali), riba asilimia 15.49, alipokea 154,900 kila mwaka bila kodi, yaani 1,084,300 kwa miaka hiyo saba. Huyo jirani hakuhitaji hata kujua benki ina matawi mangapi.

Lakini huyo wa hisa si ndiye aliyeumia zaidi. Aliyeumia ni yule aliyechoka na kuuza 2019, bei ilipokuwa karibu na 100. Alikuwa amepokea 40 za magawio, 38 baada ya kodi; kwa kila 350 aliyotoa akaondoka na 138, kabla ya makato ya dalali. Na kinachouma ni kwamba dawa ilikuwa imeshachapishwa gazetini. Faida ya 2018 ilikuwa imepanda hadi takriban bilioni 64, na ya 2019 ikafika kama bilioni 120. Gawanya 120 kwa hisa bilioni 2.61: shilingi 46 za faida kwa hisa moja inayouzwa karibu na 100! Benki inapona, ubao unalia, na watu wanausikiliza ubao. Aliyenunua hisa hizo alizotupa mwenzake ndiye aliyekula zile 235.

Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: kuangalia bei kwanza na taarifa ya fedha baadaye, au kutoiangalia kabisa.

3. Kwa hiyo taarifa ya robo mwaka isomwe hivi. Anza na uwiano wa mikopo chechefu kwa mikopo yote. Kikomo wanachotaka BoT ni asilimia 5, na mwelekeo wa robo nne mfululizo ni muhimu kuliko namba ya robo moja. Shuka kwenye fungu lililotengwa kwa hasara za mikopo, maana faida inaweza kupanda kwa sababu tu fungu limepunguzwa. Kisha gawanya faida ya mwaka kwa idadi ya hisa, uone gawio ni sehemu gani yake. CRDB imekuwa ikitoa kama theluthi moja: 65 kati ya shilingi 211 hivi kwa 2024. Benki ikianza kugawa karibu faida yote wakati mikopo inakua, mtaji utatoka mfukoni mwako kwa toleo jipya la hisa. Dakika ishirini, kalamu na kikokotoo cha simu.

4. Usinunue siku moja kabla ya kufungwa rejista, orodha ya wenye hisa watakaopata gawio. Muamala haukamiliki siku ileile. Nunua wiki nzima kabla, au subiri rejista ifungwe, bei ikishuka kwa kiasi cha gawio usipige kelele kwamba umeibiwa.

5. Hakiki akaunti ya benki na namba ya simu zilizo kwenye CDS yako leo.

6. Ukwasi, yaani wepesi wa kuuza hisa ukapata fedha. NMB ilikaa 2,340 muda mrefu kama saa iliyokwisha betri. Mwenye shida ya ada ya mtoto Januari hawezi kusubiri mnunuzi. Fedha ya ndani ya miaka mitatu haina kazi kwenye hisa. Kuingia weka makato ya kama asilimia 2, kutoka vilevile. Anayeuza na kununua kila mwezi anamlea dalali.

7. Benki moja ni benki moja. Mnapiga hesabu ya CRDB kwa sababu CRDB ilipona. Hisa za Mwalimu Commercial Bank ziliuzwa 500 mwaka 2015, na wanaozishika wanajua zilivyoporomoka chini ya bei hiyo. Yetu Microfinance Bank nayo ilikuwa ubaoni, hadi Desemba 2022 BoT ilipoiweka chini ya usimamizi wake. Wenye amana wana bima ya amana yenye kikomo chake. Mwenye hisa hana bima yoyote, na kwenye foleni ya madai yeye ni wa mwisho.

Ukiipenda benki yako sana, gawio lake si lazima lirudi kwake. Hisa 1,000 kwa 65 ni 61,750 baada ya kodi. Zinatosha kuanza vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT, na mwakani unaongeza.