Mikono inajua, cheti hakipo

Nimefanya kazi gereji hapa Mwanjelwa miaka tisa. Injini za dizeli na breki za lori ndiyo kazi yangu. Niliishia darasa la saba. Kampuni za usafirishaji Tunduma zinanitaka, lakini kila mara wanauliza cheti. Ni lazima nikae darasani na watoto?
*Fundi, Mbeya*

Si lazima, fundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi mtaani na kumpa cheti cha ujuzi alio nao. Wengi wanauita urasimishaji ujuzi. Nenda chuo cha VETA Mbeya uulize hilo kwa jina lake. Ukiuliza "nafasi za masomo" utapewa fomu ya kozi ndefu, na siku yako itakuwa imeishia hapo.

Kabla ya kwenda, tafuta daftari gumu. Kwa kila gari andika tarehe, aina ya gari, mwenye gari alilalamikia nini, wewe ulikuta nini, ulibadilisha kipuri gani na ulilijaribuje kabla ya kulikabidhi. Kazi ishirini zilizoandikwa hivyo zina uzito kuliko maneno "nina uzoefu wa miaka tisa". Piga picha injini ikiwa imefunguliwa, si gari likiwa limeoshwa. Chukua barua ya mwenye gereji yenye namba ya simu anayoipokea.

Mafundi wazuri hukwama kwenye mambo ambayo gerejini hayana anayeyauliza. Mtathmini hatazami tu kama gari limewaka. Anataka kujua kwa nini umefanya hivyo. Chukua silinda hedi: wengi wanakaza bolti kwa kuhisi mkono, wakianzia upande walipo. Utaratibu ni kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na kumalizia kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, hedi inakaa vibaya, gasketi inavuja, na baada ya muda maji yanaingia kwenye oili. Hilo unalijua kwa macho. Jifunze kulisema kwa mdomo. Kwenye breki ni vivyo hivyo: eleza lori lililorekebishwa magurudumu ya upande mmoja tu litafanya nini likiteremka Kitonga na mzigo.

Kingine ni usalama. Kuingia chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, bila stendi na bila kuzuia magurudumu, ni kosa hata kama umelifanya miaka tisa na hujaumia. Vaa ovaroli na viatu vigumu siku ya kupimwa.

Ukionekana una pengo, mathalani umeme wa magari, utaelekezwa usome sehemu hiyo tu. Kubali. Vyeti vya VETA vina ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na kuanza na ya kwanza si aibu.

Nina stashahada. Nimeomba kazi za serikali mara sita kwenye mfumo wa Ajira na sijawahi kuitwa hata kwenye usaili. Nakosea wapi?
*Msomaji, Iringa Mjini*

Huenda ni ushindani tu. Lakini kagua viambatisho vyako kwanza, maana hapo ndipo watu wengi huondolewa kimyakimya. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita na matokeo ya muda hayakubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Barua ya maombi iwe na tarehe na saini yako ya mkono. Maelezo binafsi yawe na wadhamini watatu, na uwaombe ruhusa kwanza. Mdhamini anayeshangaa kupigiwa simu anakuharibia.

Kisha linganisha majina. Cheti cha kuzaliwa, vya shule na kitambulisho cha NIDA vikitofautiana hata herufi moja, kama Mwakalinga na Mwakalinge, tengeneza hati ya kisheria ya majina (deed poll) mapema. Ukisubiri kuitwa usaili, utarudishwa mlangoni.

Na usitume barua ileile mara sita. Tangazo lina orodha ya majukumu. Jibu mawili au matatu kati yake kwa kazi uliyowahi kuifanya, hata kama ilikuwa ya kujitolea.

Binti yangu aliacha shule kidato cha pili mwaka 2022 kwa ujauzito. Sasa ana miaka 19 na mtoto ameshakua. Anaweza kurudi?
*Mama, Mafinga*

Anaweza, mama. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi kwenye mfumo rasmi. Ila kwa umri wake na mtoto wa kulea, tungeangalia kwanza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Huko hatua ya kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili, ya pili inabeba cha tatu na cha nne. Mtihani wa maarifa (QT), unaofanywa baada ya hatua ya kwanza, ndio unaomfungulia mlango wa mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani hufanyika Novemba lakini usajili huanza mapema mwaka huohuo, kwa hiyo msisubiri katikati ya mwaka. Aende na cheti cha kuzaliwa na chochote kutoka shule ya zamani, hata ripoti ya muhula. Na mpange leo nani atakaa na mtoto saa za masomo, maana hilo ndilo linalowakatisha wengi mara ya pili.