Kukiri Kortini na Kukana Nyumbani

Swali: Mhariri, marehemu baba yangu alikiri kortini mwaka 1986 kuwa mfuasi wa Mwakenya, vuguvugu la siri lililoipinga serikali ya Rais Moi, ilhali nyumbani alikana hadi kufa. Mwanahistoria amwamini yupi? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Pole kwa msiba. Hukumu pekee haitoshi, kwani washtakiwa wengi wa kesi hizo walifikishwa kortini jioni, bila wakili, baada ya kuteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, ambako baadhi yao walisimamishwa majini. Ndiyo maana mtafiti makini huchunguza siku za kuzuiliwa na saa ya kusomewa mashtaka, kisha akalinganisha na simulizi za waliofungwa pamoja na baba yako. Kukiri kwa namna hiyo, kwa maoni yangu, hushuhudia mwenendo wa dola kuliko wa mtu.