Mkuu, hiyo kadi ya siri usiipeleke mezani Jumamosi

Hapana mkuu. Hiyo kadi iache nyumbani. Nimesoma uzi wako mara mbili: unaanzisha kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) ya Pendragon, mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa dadu, na wenzako watano, unauliza ununue toleo lipi, mapigano yafupishwe vipi, halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, unasema manaiti wawili watakuwa marafiki wa kuchanjiana na mmoja hajui kuwa mwenzake ndiye aliyemuua kaka yake. Siri hiyo umeiandika kwenye kadi, na wewe utaifichua katikati ya kampeni "ili heshima iwaume". Hayo mengine yatasubiri. Hilo la mwisho nimeshalifanya mimi, na meza yangu ilivunjika usiku uleule.

Kwa wasioujua mchezo: ni wa Greg Stafford, ulitoka 1985. Mnacheza manaiti wa zama za Mfalme Arthur, askari wa farasi walioapa kwa mabwana wao, na moyo wa mhusika umeandikwa kwa namba. Kuna jozi 13 za tabia, huruma na ukatili, ukweli na uongo na kadhalika, kila jozi jumla yake 20. Halafu kuna shauku: upendo kwa familia, utii kwa bwana, ukarimu, heshima. Shauku unairushia dadu ya pande 20, na ikitoka isiyozidi namba yako umefaulu: mhusika anapandwa na mori, na kwenye toleo tulilocheza sisi anaongezewa 10 kwenye ujuzi wa upanga.

Sasa sikia yaliyonikuta.

Talan na Emrig, manaiti wawili wa meza yangu. Miezi saba, kila Jumapili jioni, sebuleni kwangu Tabata. Kwenye mchezo huu kikao kimoja kwa kawaida ni mwaka mzima wa wahusika, na mwaka ukiisha yanakuja majira ya baridi: mnarusha dadu za ndoa, watoto, mavuno, farasi waliokufa. Katika majira mojawapo Emrig akamwoa dada yake Talan. Mimi sikupanga. Wachezaji wenyewe walikaa wakabishana mahari mpaka saa sita usiku, na ng'ombe wenyewe ni wa kwenye karatasi! Ikafika mahali aliyemcheza Talan anamwita mwenzake "shemeji" hata kwenye daladala.

Na muda wote huo mimi nina kadi kama yako, nimeificha kwenye daftari.

Nani alinishauri? Jamaa mmoja wa video za mtandaoni, rafu ya vitabu nyuma yake, anaongea kwa kujiamini kama kadhi. Alisema mwendesha mchezo, yaani anayesimulia na kusimamia kanuni kama mimi na wewe, asiwaambie wachezaji kitakachowapata wakivunja heshima. Kwamba heshima inanoga ikija kwa kushtukiza, na mhusika asipofia heshima basi hamkucheza. Nikamwamini, kila neno. Mpaka leo nikiuona uso wake nazima simu. Yeye meza yake ikivunjika anarekodi video nyingine. Yangu ilikuwa ya watu niliosoma nao sekondari. Kama kushtukiza watu ndiyo heshima, basi kila kibaka wa Kariakoo ni naiti.

Usiku wenyewe nikawaweka kwenye chakula nyumbani kwa Emrig, wamerudi doria, hata deraya hawajavua. Nikamleta mjakazi mzee, akalitambua kovu la mkononi mwa Emrig, akasema huyu ndiye aliyemmaliza kaka yako kwenye ukungu, wakati kaka yako ameshaangusha upanga. Nikamgeukia Talan: rusha upendo kwa familia. Alikuwa na 17, dadu ikatoka 9. Mori huo. Ujuzi wake wa upanga, 15, ukawa 25. Akasema, "Nachomoa upanga." Hakusema anampiga. Tofauti ile niliisikia kabisa, nikaipuuza, nikasema haya, rusheni wote.

Hapa elewa jinsi mapigano ya mchezo huu, kwa toleo letu, yanavyoua. Wote wawili mnarusha dadu kwa pamoja, usivuke ujuzi wako, na wote mkifaulu mwenye namba kubwa ndiye anayepiga. Namba ikilingana sawasawa na ujuzi wako, madhara yanakuwa maradufu. Ujuzi ukizidi 20, ile ziada inaongezwa kwenye dadu, na jumla ikifika 20 ni maradufu, kwa hiyo mwenye 25 akipata chochote kuanzia 15 hadi 20, nyuso 6 kati ya 20, ni pigo la maradufu. Talan alipata 18. Emrig alipata 19 na ujuzi wake ulikuwa 16, akakosa. Dadu 5 za madhara zikawa 10. Tulizihesabu mara mbili: 43. Deraya ikazuia 10, zikabaki 33. Emrig alikuwa na uhai 26.

Meza ikanyamaza. Na badala ya kusimamisha kila kitu, mimi nikafungua daftari nikaanza kusoma adhabu. Umeua ukiwa mgeni chini ya paa la mwenyeji, ukarimu unashuka. Umemuua mume wa dada yako, heshima inashuka. Bwana wako anakufukuza, wewe si naiti tena. Wahusika wawili wa miezi saba, ndani ya dakika kumi. Aliyemcheza Talan akaniangalia: "Mbona hukuniambia? Nilitaka kumtisha tu ajieleze." Aliyemcheza Emrig akachukua karatasi yake, pale kwenye uhai pamefutwafutwa kwa ufutio mpaka pametoboka, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Chipsi alizoagiza aliziacha vilevile. Hakurudi tena. Mmoja alijiona amefanywa muuaji, mwingine alijiona amechinjwa na rafiki yake, na wao wawili walikaa muda mrefu bila kuongea. Aliyepanga yote ni mimi.

Nimelifikiria sana hili. Sir Talan amelelewa kwenye ukumbi wa bwana tangu utoto. Kwamba mgeni hachomoi upanga mezani kwa mwenyeji wake, analijua kama anavyolijua jina lake. Anayemcheza ni fundi umeme. Yeye anajua kile tu nilichomwambia. Nikimficha jambo ambalo mhusika wake analijua tangu mtoto, ninachopima ni kama ataweza kubahatisha yaliyomo kichwani mwangu, na hapo heshima haimo kabisa.

Kwa hiyo mkuu, hata ukisahau yote niliyoandika, hili lishike: TAJA BEI KABLA YA DADU.

Mchezaji akisema nachomoa upanga, ninanyanyua mkono, dadu zinatulia. Namwambia mbele ya wote: "Ukichomoa hapa ukarimu wako unashuka, bwana wako atasikia, na kwa mori ulio nao shemeji yako anaweza kufa kwa pigo moja. Bado?" Halafu nyamaza. Mwache afikirie hata dakika tano. Na ukitaja bei, taja na milango ambayo mila zao wenyewe wameiweka, maana watu wale hawakuwa wendawazimu wa kuchinjana kila wakikutana. Anaweza kumshtaki mbele ya bwana wao. Anaweza kudai pambano la wawili, wapigane mpaka mmoja asalimu amri. Anaweza kudai fidia ya damu. Wales ya kale waliiita galanas, ukoo wa muuaji unaulipa ukoo wa marehemu, kwetu tungesema dia. Laiti ningemtajia Talan galanas usiku ule, wangeibishania mpaka alfajiri kama walivyobishania mahari.

Wanaocheza Legend of the Five Rings, mchezo kama huu ila wa samurai, watakuja kusema utamu wote ni wajibu kugombana na moyo. Sawa. Lakini kwenye toleo lao la 2018 samurai anaandikiwa giri yake, yaani wajibu kwa bwana, na ninjo yake, hamu ya moyoni, na mchezaji anavisoma kwenye karatasi tangu siku ya kwanza. Hafichwi.

Wala usifikiri bei ikitajwa watu wanakuwa waoga. Kwenye meza yangu ya sasa kuna dada mmoja, nesi, naiti wake aliamriwa na bwana wake awaue mateka waliosalimu amri. Nikamtajia: ukikataa unapoteza shamba, cheo, na utii kwa bwana unashuka. Alizungusha dadu kwenye vidole, akaiweka chini bila kuirusha, akasema, "Nalipa." Jamaa wawili walisimama kwenye viti. Alipoteza kila kitu alichokuwa amekijenga, na mpaka leo yeye ndiye anayetukumbusha siku za vikao.

Siri yako si mbaya, hadithi nzuri kabisa ya marafiki wawili na damu katikati yao. Manaiti wasijue, wachezaji wajue. Waite hao wawili kabla ya Jumamosi, hata kwa soda, uiweke kadi mezani waisome pamoja, uwaulize kama wanaitaka. Mmoja akisita, ichane palepale.