Faiba si plasta: kwa anayetaka spoila ya mkia wa bata kwenye Roadster

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mazda Roadster ya 1999, ile ya paa la turubai. Nataka kifuniko cha buti chenye spoila iliyonyanyuka kama mkia wa bata, iwe kitu kimoja na kifuniko, siyo zile za kubandika. Fundi mmoja hapa Tanga ameniambia atakata bati la ndani la kifuniko ili kisiwe kizito, atajaza povu juu na kulichonga, kisha atalaza faiba moja kwa moja na kumalizia kwa puti. Kazi ya siku tatu. Mwingine anasema bora kifuniko kizima kiwe cha faiba. Nimsikilize yupi, na faiba iwe na unene gani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Unene nitakutajia, lakini kwanza nilishike hilo neno "moja kwa moja", maana hapo ndipo watu wanapoliwa hela zao. Kulaza faiba juu ya bati kama mwashi anavyopiga plasta ukutani ndiyo kazi ninayoibomoa kuliko nyingine zote gereji kwangu. Haidumu. Haijawahi kudumu, na anayekuahidi kwamba yake itadumu hajawahi kurudi kuiangalia baada ya masika mawili.

Nguvu ya faiba inatoka kwenye nyuzi za kioo zilizoloa resini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, zikakauka pamoja zikawa ganda moja. Ganda hilo linajibeba lenyewe, ndiyo maana boti nzima inaundwa kwa faiba na haina bati hata moja ubavuni. Ukililaza juu ya bati umeunganisha vitu viwili visivyotembea pamoja. Saa saba mchana kifuniko cha buti kinachomeka mpaka huwezi kukiwekea kiganja, na faiba ya mkeka hutanuka kuliko bati. Usiku vyote vinajikunja, kila kimoja kwa kipimo chake. Resini ya kawaida ya poliesta nayo haishiki vizuri kwenye chuma. Ukingo unaanza kuachia, unaona ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi, na mwenye gari anadhani ni mkwaruzo. Maji yanaingia hapo na hayatoki.

Mwaka juzi mteja aliniletea gari la wazi lenye mkia wa namna hiyohiyo, rangi nyeupe imeng'arishwa vizuri. Alilalamika kwamba buti halisimami likifunguliwa. Nikachukua sarafu ya shilingi mia mbili nikaanza kugonga taratibu kutoka kushoto. Pale faiba inaposhika sauti ni kavu na kali. Nilipofika katikati ikawa bubu, kama unagonga boksi la karatasi, na ikaendelea hivyo karibu mpaka ukingo wa kulia. Nikaingiza bapa la kukwangulia kwenye ufa. Ganda lote lilitoka kipande kimoja, na chini yake rangi ya kiwandani bado ilikuwa inateleza. Aliyefanya kazi hakupiga hata msasa. Maji ya rangi ya chai yalimwagika kwenye bampa. Puti na povu tulilokwangua tukaliweka kwenye mizani: kilo sita na nusu.

Zingatia hizo kilo. Kifuniko cha Roadster yako kinanyanyuliwa na vyuma viwili vyembamba vilivyosokotwa karibu na bawaba, hakuna shokomzoba za gesi. Vyuma hivyo vimepimwa kwa uzito wa kifuniko kilichotoka kiwandani. Ukiongeza kilo sita nyuma kabisa, mbali na bawaba, kifuniko kinakuangukia kichwani siku umeinama unatoa mzigo, au siku unashughulikia betri. Roadster za kizazi chako betri iko ndani ya buti.

Sasa bati la ndani. Kifuniko cha buti ni ngozi mbili. Ya juu unaiona na kuipiga nta. Ya ndani, ile yenye matundu na mikunjo, ndiyo inayobeba bawaba na kitasa, na ndiyo inayoilazimisha ile ya juu ibaki na umbo lake. Ukiikata umebaki na karatasi. Mtu anayekuambia ataikata "kupunguza uzito", kisha juu yake amwage povu na puti, hajui anachokifanya. Samahani kusema hivyo kuhusu mwenzangu wa kazi, lakini sina namna laini ya kulisema.

Na gari lako ni la wazi, jambo ambalo mafundi hao hawaligusi kabisa. Gari lenye paa la bati ni kama boksi lililofungwa, lako ni boksi lisilo na kifuniko. Linajipinda barabarani, hata kama huhisi. Fanya hivi: egesha mahali tambarare, funga buti, pima mwanya kati ya kifuniko na fenda kwenye kona zote za nyuma. Kisha piga jeki kona moja ya nyuma mpaka tairi ianze kuachia ardhi, upime tena. Ukiona mwanya umebadilika hata milimita moja, ujue hiyo ndiyo safari ambayo spoila yako itakuwa inaisafiri kwenye kila tuta. Kwa hiyo mkia ukitoka kwenye kifuniko ukaendelea mpaka kwenye fenda, ni lazima uwe vipande vitatu vyenye mwanya kati yake. Ukiunganishwa kwa puti utapasuka palepale kwenye maungio, na hakuna rangi itakayouficha.

Ushauri wangu kwako ni huu. Usiguse kifuniko ulichonacho. Tafuta cha pili kwa wauza vipuri vilivyotumika, hata kama kina mbonyeo, kitumike kutengenezea umbo. Kisha tengeneza mkia kuwa ganda lake peke yake, ufungwe kwa boliti juu ya kifuniko cha bati kilicho kamili. Ukipakwa rangi moja na ukikaa sawasawa kwenye mkunjo, jicho litaona kitu kimoja. Kifuniko kizima cha faiba kinawezekana, sikatai, ila nacho kinahitaji ngozi mbili na vipande vya chuma ndani pa kushikia bawaba na kitasa. Ni kazi ya kalibu mbili, yaani maganda mawili ya kutolea umbo, na kwa gari la barabarani gharama yake hailingani na faida.

Povu na puti vina mahali pake, na mahali penyewe ni kwenye umbo la mfano, ambalo utalitupa baadaye. Funika kile kifuniko chakavu kwa utepe, jenga mkia kwa povu la poliyurethani, chonga, paka puti, piga msasa mpaka mkono ukipita usihisi kitu. Usitumie lile povu jeupe la kufungashia televisheni, maana resini ya poliesta inaliyeyusha likatoboka kama sukari iliyomwagiwa chai. Nimekuta kazi ambazo ndani ni pango tupu kwa sababu hiyo, na fundi alishangaa povu limekwenda wapi.

Juu ya umbo hilo paka nta mara kadhaa, kisha dawa ya kuachanisha, ndipo ujenge kalibu, nene kuliko kitu kitakachotoka ndani yake. Mkia wa bata una mkunjo unaorudi kwa ndani, kwa hiyo kalibu iwe vipande viwili vya kufunga kwa boliti, la sivyo utaivunja ukijaribu kuutoa. Iache siku kadhaa kabla ya kuibandua. Anayebandua kesho yake anapata kalibu iliyopinda, na kila atakachokitoa humo kitapinda vilevile.

Unene ulioulizia: jelikoti kwanza, yaani resini nzito ya tabaka la nje, iache mpaka inate kidoleni bila kukuchafua. Kisha mkeka mmoja wa nyuzi za kioo wa gramu 300 kwa mita ya mraba, halafu miwili ya gramu 450. Ikilazwa kwa mkono na kukamuliwa hewa vizuri utapata kama milimita mbili na nusu, zinatosha kabisa. Uzito wa resini uwe mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka. Kuzidisha resini hakuongezi nguvu, kunaongeza uzito na kufanya ganda lipasuke kama kioo. Pale boliti zitakapokaa weka vibati vipana vilivyochomelewa boliti, uvilaze ndani ya mikeka. Chini ya kifuniko tumia washa pana. Kila tundu ulilotoboa kwenye bati lipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga, na mkiani acha kitundu cha maji kutokea.

Hadina, ile dawa ya kuifanya resini ikauke, gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini, basi. Kwenye joto letu la pwani nakaa karibu na 10. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Mafundi wengi wanakadiria kwa jicho na kuongeza ili kazi iwahi, resini inachemka kwenye kopo na kutoa moshi, na ganda linalotoka limejikunja na lina nyufa ambazo utaziona baada ya kupaka rangi. Siku tatu ulizoambiwa zinapatikana hivyo. Hadina ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani ni lazima. Na kama resini yako inauzwa pamoja na kile kichocheo cha zambarau, usithubutu kukichanganya na hadina chenyewe kwa chenyewe. Vinaweza kulipuka. Kimoja kiingie kwenye resini na kukorogwa mpaka kipotee, ndipo kifuate kingine.

Ukikosa fundi wa gereji anayekuelewa, nenda kwa wanaotengeneza boti za faiba huko pwani. Wale ganda wanalijua, kwa sababu likiachia baharini hakuna pa kuegesha.

Taa ya tatu ya breki kwenye gari lako iko kwenye kifuniko cha buti, maana paa la turubai halina pa kuiweka. Mkia usiifunike. Gari lako ni fupi, na anayekufuata mara nyingi ni dereva wa lori aliyekaa juu sana. Kabla hujachonga mara ya mwisho, weka umbo juu ya gari, mtu akanyage breki, wewe panda kwenye lori la jirani utazame ukiwa huko juu. Taa isipoonekana, hamishia taa kwenye mkia wenyewe.

Na usidhani huu ni urembo tu. Porsche walipoweka mkia wa bata kwenye 911 Carrera RS ya 1973 walikuwa wanazuia upepo usinyanyue nyuma ya gari. Audi nao, baada ya ajali za mwendo kasi Ujerumani, waliziita TT za mwanzo zirudi zikafungwe spoila ndogo nyuma pamoja na mfumo wa kudhibiti utelezi. Upepo una nguvu hiyo, na unakua haraka: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 120, msukumo kwenye mkia unakuwa mara mbili na robo. Kitu kilichobandikwa kwa gundi kitashika mjini, kisha kitang'oka barabara kuu na kumfuata wa pikipiki aliye nyuma yako.

Nimeanza na spoila lakini ninalolihofia zaidi liko chini ya milango yako. Fundi anayeona faiba ni plasta hatumii mawazo hayo kwenye buti peke yake. Gari la wazi linabebwa na vizingiti, zile mbavu za chini kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Roadster za umri huu huoza hapo, upande wa nyuma, kwa sababu mifereji ya maji ya paa huziba kwa majani na vumbi, maji yakabaki ndani. Nimefungua vizingiti vilivyojazwa faiba na puti, vikapakwa rangi nyeusi, gari likauzwa. Chuma hakipo. Likigongwa ubavuni hapo, au likiingia shimo kubwa, hakuna kinacholishika. Kizingiti kilichooza kinakatwa na kuchomelewa bati jipya la unene uleule, hakuna dawa nyingine, na anayekuonyesha kopo la puti kwa kazi hiyo mwambie akupe funguo zako uondoke.

Wewe umelinunua gari kwa mtu, kwa hiyo kabla hujalipa hela ya mkia fungua paa, tafuta tundu la maji nyuma ya kiti, chini ya mkanda, kila upande. Mimina kikombe kimoja cha maji taratibu, kisha piga magoti uchungulie mbele ya gurudumu la nyuma. Maji yatoke pale ndani ya sekunde chache. Yasipotoka, gonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele kwenda nyuma, usikilize kama nilivyosikiliza kwa sarafu, halafu niandikie tena uniambie umesikia nini.