Barua kwa mwanangu: mimi ni wa kushoto, ila si wa serikali

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema wenzako chuoni huko Ujerumani wanaulizana mirengo ya siasa kama sisi tunavyoulizana ukoo, nawe zamu yako ilipofika ukakosa la kusema. Ndipo ukaniuliza: "Mama, wewe ni wa kushoto au wa kulia?"

Wa kushoto. Ila ukiwaambia hivyo usiishie hapo, watadhani nataka serikali ishike kila kitu.

Majina hayo yalitoka kwa Wafaransa, waliogawana viti bungeni mwaka 1789 wakigombania mamlaka ya mfalme: waliomtetea kulia, waliompinga kushoto. Ugomvi ulionipa mimi msimamo ni wa kahawa. Enzi za Mwingereza, walowezi hawakutaka Mchaga alime kahawa kama wao. Wakulima wakaungana kujilinda, kwanza na chama chao cha 1925, kisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, mwaka 1933. Babu yako alikuwa mwanachama. Kahawa inapelekwa chama cha msingi, inapimwa, analipwa malipo ya kwanza. Ikiuzwa vizuri mnadani, yanakuja malipo ya pili. Hayo ya pili ndiyo yaliyokuwa ada yetu. Kamati waliichagua wenyewe, na karani akichezea mizani walimsimamisha mkutanoni, tena kwa Kichaga, asije akasingizia kwamba hakuelewa.

Azimio la Arusha la 1967, tamko la ujamaa la serikali ya Mwalimu Nyerere, sehemu kubwa nalikubali hadi leo. Kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha: nani mwenye akili timamu atabisha? Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 1973, niliona watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wanaingia darasani. Lakini mwaka 1976 serikali hiyo hiyo ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwemo, na mazao yakawekwa chini ya mamlaka zake. Wakulima wakanyang'anywa chombo chao kwa jina la ujamaa, na wao ndio waliokuwa wakiuishi. Mizani ikashikwa na mtu ambaye hawakumchagua na hawawezi kumtoa. Sheria ya 1982 iliporudisha ushirika, babu yako alishaiacha mibuni ijiotee, anauza ndizi.

Miaka ya 1990 wakaja wanunuzi binafsi. Watu wa kulia watakwambia hapo ndipo mkulima alipopata uhuru. Alilipwa papo hapo, ni kweli, na hilo usilidharau, wala mimi siitamani tena foleni ya sabuni. Lakini mnunuzi binafsi hakuwa na malipo ya pili.

Kwa hiyo mimi naanzia hapo: mali inayolisha wengi iwe mikononi mwa wanaoitolea jasho, na wawe na kura ya kumwondoa anayeisimamia. Shule na hospitali zilipiwe kwa kodi, mwenye nacho atoe zaidi. Duka la mtu aachiwe mwenyewe. Ile Operesheni Maduka ya 1976 iliacha vijiji bila chumvi. Kwenye mila nipeleke kulia moja kwa moja, na suala la mahari yako halijadiliwi kwa simu.

Kwa vyama usinipime. Katiba yetu bado inasema nchi hii ni ya kijamaa, nawe unajua tunavyoishi. Mtu wa kulia ninayemheshimu ni Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Alihitilafiana na Mwalimu kuhusu masharti ya mkopo ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, akajiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979, na mwaka 1992 akawa mwanzilishi wa chama cha upinzani, CHADEMA. Sikubaliani naye kuhusu soko, lakini kiti alikiachia msimamo, na wa kushoto wenzangu wengi hawakuweza hivyo.

Wewe hujaniambia uko wapi. Baba yako anasema yeye ni wa katikati. Nimemuuliza katikati ya nini na nini, akaenda kuangalia ng'ombe.

Mama yako